Orodha ya Wapitaji Handakini

Walikuwapo Fuko, mlinzi wa handaki, na Nungunungu, na Panya Buku, na Kindi mdadisi. Fuko alisikiliza nyayo tu, akipita asiye na miguu, alipiga kelele, "Nyoka!"

"Mzee Fuko, unawalindaje usiowajua majina?" Kindi alimdhihaki. "Tuandike jina la kila mpitaji, mlango wake na saa yake."

"Nani ataisoma orodha hiyo?" aliuliza Nungunungu.

"Sisi wenyewe, bwana. Au una la kuficha?"

Basi wapitaji wakajitaja, naye Kindi akaandika ukutani, kwenye lango kuu.

Siku ya tatu Nyoka hakuingia. Alichungulia langoni tu, akasoma: "Kindi, mlango wa mashariki, saa moja asubuhi, kila siku." Akaenda kungoja huko.

Kindi alifariki Jumatano, saa moja asubuhi.