Elektroni Hazizunguki Kama Pia

"Zinazunguka kama nini?" Lynnet aliuliza, na kelele za soko zikapungua.

"Kama pia ya watoto," Chrispine alijibu kutoka juu ya pikapu. Alivaa koti jeupe la maabara, na mkononi alishika kisanduku chenye taa na mshale. Tangu asubuhi alikuwa akiwaambia wachimbaji wa Macalder kwamba kisanduku hicho huona dhahabu chini ya mwamba.

"Kama pia," Lynnet alirudia, mfano wa mtu aliyeng'ata jiwe ndani ya wali. "Na watu wazima wanakuita daktari."

Baadhi walicheka. Lynnet akapenya hadi mbele. Alikuwa na diploma ya fizikia, na mtu aliyeharibu maneno mbele yake alimkera kuliko mwizi.

"Elektroni haizunguki kama pia. Ina spini. Ni kama imebeba sumaku ndogo, na ukiipima utaikuta imeelekea juu au chini, basi. Haya, endelea. Dhahabu inaingia wapi?"

Chrispine alijipangusa jasho. "Kisanduku kinatoa elektroni zilizopangwa, sumaku zote zimeelekea upande mmoja. Zikikuta dhahabu, zinapinda."

"Zinapinda kwa nini?"

Chrispine akainua kisanduku juu, watu wakione.

"Kwa sababu kiini cha dhahabu ni kizito," Lynnet alisema, akiwageukia watu. "Elektroni ikikipita kwa kasi, spini yake na njia yake hushikana. Zilizoelekea juu, nyingi hupinda kushoto. Zilizoelekea chini, nyingi hupinda kulia. Hilo ni kweli, liko vitabuni. Lakini hufanyika ndani ya chombo kisicho na hewa, kwa dhahabu nyembamba kuliko unywele. Huyu anataka zipenye mlima."

"Mwambie, nyathiwa, mtoto wetu," alisema Filister, kwa fahari ya mama aliyepata mtoto wa kwao msomi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Lynnet ni wa kwa nani.

Filister alikuwa amekamata shati la mumewe, Okari. Maksai wao wawili walifungwa kando ya posho mili, kinu cha kusagia unga, na Okari alitaka kuwatoa wote apewe kisanduku.

"Ukiwatoa hao," Filister alimwambia, "mvua ikija tutalima na meno yako?"

Okari aligeuka. Alimtazama Lynnet. "Binti yangu, wewe umesoma. Nimechimba mpaka mgongo umekataa, napata mchanga. Niambie tu. Nikimpa ng'ombe, nitajuta?"

Lynnet aliyatazama mabuti ya Okari yenye tope, kisha macho yale yaliyokuwa yakiomba kudanganywa. Alimdharau kwa swali lenyewe.

"Mimi siamini," alisema. "Tumpime."

Akaagiza mikebe mitatu ya rangi, akaipindua chini kwa mstari. Chrispine akageuzwa mgongo, kichwa kikafunikwa gunia. Filister alivua pete yake ya ndoa, na Okari mwenyewe akaificha chini ya mkebe mmoja. Lynnet akasimama pembeni, mikono kifuani.

Gunia likatolewa. Chrispine alipitisha kisanduku juu ya mkebe wa kwanza.

"Harakisha, jua linatuchoma," Lynnet alifoka.

Mkebe wa pili.

"Hata kushika hicho kidude hujui."

Mkebe wa tatu. Lynnet alinyamaza. Kisanduku kikalia.

Okari aliufunua. Pete ilikuwepo.

"Bahati," alisema Lynnet. "Rudia."

Wakarudia, mara hii Filister akiificha. Lynnet alimtukana Chrispine vibaya zaidi, na kisanduku kikalia tena pale pale penye pete. Wakarudia tena. Sasa hakuna aliyecheka.

Lynnet alirudi nyuma hatua moja, kama aliyepigwa kofi. "Kitabu kinakataa," alisema polepole. "Lakini siwezi kuyakana macho yangu."

"Kama hata huyu ameshindwa," Filister alisema, na mkono wake ukaliachilia shati. Okari alikuwa tayari anafungua kamba za maksai.

Jioni, kwenye njia panda ya kwenda Homa Bay, pikapu ilisimama. Lynnet alifungua mlango, akakisukuma kwa mguu kisanduku kingine kama kile, akakaa. Nyuma yao maksai mmoja alipiga bodi kwa pembe.

Chrispine alikuwa amenuna. "Leo umenitukana kupita tulivyofanya mazoezi, na ishara ni kule kunyamaza tu. Niombe msamaha, Lynnet."

"Nilikuandikia maneno mazuri, ukayatia pia ya watoto," alisema Lynnet. "Siombi. Washa gari."