Nirudishe kwa Grupu

"Nirudishe kwa grupu saa hii!"

Jamaa alikuwa amemfinyilia Kagure mkono wa kushoto kwa meza. Nyundo yake ilikuwa ishavunja kidole moja, na damu ilikuwa inaingia kwa keyboard.

Kumbe huyu ndiye Simba! Jana Kagure alimtoa kwa chat ya watu wanaoandika programu za bure, juu alikuwa anatishia wasichana. Huko kila mtu hutumia jina ya uongo. Lakini Kagure aliwahi kupost picha ya ofisi, na bango ya agrovet, ile duka ya dawa za mifugo hapo chini, ikaonekana dirishani. Ndiyo Simba akaifuata.

"Andika, ama nivunje ya pili?"

"Naandika, bro. Pole pole."

Akaandikia watu wote mia tatu wa grupu: "Mimi ni Kagure. Niko Mukurweini, juu ya agrovet. Simba ananiua."

Jibu ya mmoja wao ikaingia: "Niko na boda hapo stage. Nakuja!"

Simba akaisoma pia.

"Ati umeandika nini, wewe?"

Akainua nyundo na mikono mbili. Kwa hivyo akamwachilia Kagure mkono.

Kagure akashika laptop na ule mkono mzima, akalenga meno ya Simba.