Kidonge cha Jirani

"Hesabu mpaka kumi, bibi," nilisema, kidole gumba kikiwa tayari kwenye bomba la sindano. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoa nusukaputi bila mkuu wangu kunisimamia.

Bibi alicheka, ulimi mzito. "Unatoka jasho, mwanangu! Ungemeza kile kidonge cha kutuliza tulichopewa kabla ya kuletwa huku. Jirani yangu wodini alikikataa chake, nikammezea."

Kidole kiliganda. Dozi ile niliipima kwa mtu aliyemeza kimoja. Kwa viwili ingemkata pumzi!

Nilimwaga nusu ya dawa. Iliyobaki nikaisukuma polepole, macho kwenye kifua chake.

"Moja," alianza bibi. Alipofika saba akanyamaza. Kifua kikashuka, kikatulia.

Nikaendelea kumhesabia. Nane. Tisa.

Kikapanda.