Muuguzi wa Dirishani

"Na mume wangu akae wapi?" mwalimu wa udereva aliuliza, mkono kiunoni.

"Nje ya geti," mlinzi wa hospitali ya wazazi akajibu, akimpima joto kwenye paji la uso. "Ugonjwa huu hautambui shemeji."

Mume akamkabidhi begi, akarudi kusimama na waume wenzake, mita moja moja, kama miche.

Ndani alivishwa barakoa, kofia ya plastiki na gauni la buluu ambalo lingetosha watu wawili. Kila aliyepita koridoni alikuwa amevaa hivyohivyo. Kilichobaki cha mtu ni macho tu.

Mwalimu hakuogopa uchungu. Aliogopa wauguzi. Kwa mtoto wa kwanza alichapwa kofi la paja, akaulizwa kama siku ya kuitafuta hiyo mimba pia alilia. Safari hii alikuwa ameapa: sauti ya mtu ikipanda tu, anachukua begi lake, anakwenda kuzalia nyumbani.

Mkunga, sauti imemkauka kwa kazi, alimpima akasema njia bado haijafunguka. "Tembea mpaka dirishani, kule mwisho. Kuna mtu atakuja mkae wote."

Mtu akaja. Muuguzi mnene, mwenye mwendo wa bata. Kumtazama tu moyo ukatulia.

"Ndiye wewe?" muuguzi akauliza.

"Ndiye mimi. Dada, nina ombi moja. Usinipigie kelele."

"Mimi nikupigie kelele?" Macho yalishangaa juu ya barakoa. "Mimi mwenyewe kelele zinanitisha. Naweza kukushika mkono?"

Mwalimu nusura alie. Mara ya kwanza walimshika kila mahali na hakuna aliyeomba ruhusa.

Uchungu ukaja. Aliegemea ukuta, akaanza kujisemesha kwa sauti kama anavyowasemesha wanafunzi wake barabarani. "Taratibu. Usikanyage yote. Tazama mbele, acha lipite."

Muuguzi akawa anapumua naye, akivuta puani na kutoa mdomoni, wala hakumcheka. Uchungu ulipopoa, ikawa zamu ya muuguzi kufumba macho na kung'ang'ania ukingo wa dirisha. Watu hawa wanafanyishwa kazi mno, mwalimu akawaza. Akamsugua mgongo. Haikuwa kazi ya mgonjwa, lakini wema haujakatazwa.

"Unadhani bado muda gani?" akamuuliza.

"Wewe unaonaje?"

Kumbe siku hizi wanamshirikisha mgonjwa. Mwalimu akalipenda jambo hilo. Akafikiri kwa makini, kama aliyeombwa ushauri wa kitaalamu.

"Kama masaa mawili hivi."

"Ahsante sana," muuguzi akasema, na kweli alionekana ametuliwa mzigo.

Wakaendelea hivyo, huyu akipumua, yule akishika mkono, mpaka mkunga alipomwita mwalimu chumbani. Alijifungua binti mchana uleule, bila kofi, bila tusi. Muuguzi wake hakumwona tena. Atakuwa ametoka zamu, alijiambia, na amestahili.

Asubuhi iliyofuata mkunga alipita na fomu za maoni. Mwalimu alijaza yake yote, nafasi ikaisha, akageuza nyuma.

"Nimemsifia yule wa dirishani," akasema. "Mpeni hata cheti. Anaitwa nani?"

Mkunga aliisoma fomu ile pande zote mbili.

"Jana nilikuwa peke yangu," akasema, "na kina mama tisa."

Halafu akachomoa fomu nyingine, ya mama aliyejifungua mapacha nyuma ya pazia la pili, akaisoma vilevile, kwa sauti iliyokauka:

"'Muuguzi wa dirishani alinifundisha kupumua, akanisugua mgongo, na nilipomuuliza muda hakukosea. Ila jamani, mpeni likizo. Amechoka kuliko sisi tunaozaa.'"