Kurasa Tatu za Mwandiko

Kalamu nyekundu ya mwalimu ilisimama katikati ya ukurasa.

Mpaka hapo alikuwa akinimwagia sifa. Miezi minne tu ya kusoma Kijapani ugenini, na mwandiko wangu ulikuwa umetulia kuliko wa wenzangu wote. Sasa doa la wino lilikuwa likitanuka chini ya ncha ya kalamu, naye hakuiinua.

"Haya umeyanakili wapi?"

"Ndani ya kabati, chumbani kwangu," nilisema. "Mpangaji aliyenitangulia alibandika karatasi. Nilipenda mwandiko wake, mwalimu. Maana bado sijaijua, nilikuwa nauzoeza mkono tu."

Nilikuwa nimeyaandika mara thelathini. Kurasa tatu nzima.

Akaenda kufunga mlango wa darasa, akarudi, akanitafsiria taratibu, kidole chake kikifuata mistari.

"Mwenye nyumba ana ufunguo wa pili. Usimwambie unarudi saa ngapi. Usimwache mtu humu peke yake."

Nikacheka, kicheko cha kujikaza. Kisha nikamkumbuka mdogo wangu, aliyefika jana kunitembelea. Asubuhi nilimwacha amelala fofofo kitandani kwangu.

Nikapapasa mkoba. Simu ilikuwa na ujumbe wake, wa dakika kumi zilizopita.

"Dada, kumbe mwenye nyumba wako ni mkarimu hivi! Kaniletea matunda, na hata hakubisha hodi. Kila saa ananionyesha saa yake ya mkononi, nadhani anauliza utarudi lini. Nimemwashiria kwamba bado sana."