Mkono wa Mkandaji

Bi Ruzuna aliingia katika chumba cha mbao cha kutolea jasho, chenye taa nyekundu, akakaa, akajifunika blanketi gubigubi kama mtu anayejifukiza. Binti yake alikuwa amejifungua jana. Bi Ruzuna ndiye aliyewakanda wazazi wote waliojifungua mtaa ule, na sasa, zamu ya binti yake ilipofika, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa havikunjiki.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Hakuna maji, bibi," alisema Kidawa, mhudumu. "Taa zinapasha mwili wenyewe. Na hilo blanketi linaziba miale."

"Joto bila mvuke ni jua, mwanangu. Hilo ninalo uani, bure."

Hata hivyo alilitoa. Kwa nyuzi joto hamsini na tano, jasho lilimtoka dakika ya kumi na mbili. Alipotoka alijaribu kukunja ngumi, ikafunga nusu. Akamgeuza Kidawa, akamshika mgongo kwa mkono huo.

"Unasikia vidole vingapi?"

"Vinne, bibi."

Alivuta pumzi, akakandamiza upya, polepole, kama anavyokandwa mzazi.

"Na sasa?"

Mteja mwingine alibisha mlango. Kidawa alikuwa amefumba macho, akikisubiri kidole cha tano.