Alama Mbili za Meno

"Kwa tangazo hili, mimi Hippolyte, karani mstaafu wa Kasongo, nawajulisha majirani wote kwamba nimeanza kuvuta kiko." Karatasi hiyo aliibandika mlangoni, ikiwa na tarehe na sahihi.

Tumbaku laini kutoka Wamaza ilimkohoza wiki mbili. Ndipo muuza tumbaku wa sokoni, mjane mwenye mwanya, alipoanza kumzoesha jani kali la Kabambare. Mkewe aliona kwamba kikohozi kimekoma, lakini safari za sokoni zimeongezeka.

Leo mkewe alikuwa akikifuta kiko hicho kipya. Kwenye ncha yake ya mti, ile inayotiwa mdomoni, kidole chake kiligusa alama mbili za meno ya juu, zilizoachana kidogo.

"Baba Yvette, hauna meno ya juu tangu mwaka jana. Ni nani aliuma?"

"Ile tumbaku iko kali, mama. Anavuta kwanza yeye, ukali upunguke."

"Na uji wa moto, anakupuliziaka?"

Mkuu wa mtaa alipoletewa kiko na mke huyo, alikinusa, akazipima alama kwa rula, akaandika: "Kwa ajili ya amani ya ndoa, ni marufuku kiko hiki kuvutwa nyumbani. Kitatunzwa na kuvutwa pale pale tumbaku inapouzwa."